Alexander Fleming: Mgunduzi wa penisilini aliyeonya kuhusu usugu wa dawa

Jina la Alexander Fleming linafahamika kwa watu wengi kama jina la mwanasayansi aliyegundua penisilini, dawa iliyofungua zama za viuavijasumu duniani. Jambo linalofahamika kwa wachache ni kwamba mtu huyo huyo alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuutahadharisha ulimwengu kuwa dawa hiyo ingeweza kupoteza nguvu zake iwapo ingetumiwa ovyo. Tahadhari hiyo aliitoa mwaka 1945, mbele ya wasomi waliokusanyika kumtunuku heshima ya juu kabisa katika fani ya tiba. Leo, zaidi ya miaka 70 tangu afariki dunia, usugu wa vimelea dhidi ya dawa ni miongoni mwa matatizo makubwa ya afya yanayozikabili nchi za Afrika Mashariki na ulimwengu kwa jumla.

Mtoto wa mkulima

Fleming alizaliwa tarehe 6 Agosti 1881 katika shamba la Lochfield, karibu na mji mdogo wa Darvel, kusini magharibi mwa Scotland. Baba yake, Hugh Fleming, alikuwa mkulima aliyefiwa na mke wa kwanza na kuoa tena akiwa na umri wa karibu miaka 60. Alexander alikuwa mtoto wa tatu kati ya wanne waliozaliwa katika ndoa hiyo ya pili. Baba alifariki mtoto huyo akiwa na miaka saba tu, na mzigo wa shamba na familia ukabaki mikononi mwa mama yake, Grace, pamoja na watoto wakubwa wa ndoa ya kwanza.

Elimu ya awali aliipata katika shule za vijijini, kisha akasoma kwa miaka miwili katika shule ya Kilmarnock. Akiwa na umri wa miaka 13 hivi alihamia London, ambako kaka yake Tom alikuwa akifanya kazi ya udaktari. Huko alisoma masomo ya biashara, na baadaye akaajiriwa kuwa karani katika kampuni ya usafiri wa meli. Kazi hiyo aliifanya kwa miaka minne bila kuipenda sana. Mambo yalibadilika alipofikisha umri wa miaka 20, pale alipopata urithi wa pauni 250 kutoka kwa ami yake. Kwa ushauri wa Tom, kijana huyo aliamua kuzitumia fedha hizo kusomea udaktari.

Alichagua Chuo cha Tiba cha Hospitali ya St Mary's, katika mtaa wa Paddington mjini London. Sababu ya uchaguzi huo haikuwa ya kitaaluma. Fleming alikuwa amewahi kucheza mchezo wa mpira wa majini dhidi ya timu ya chuo hicho, na hilo lilitosha kumfanya akipendelee kuliko vyuo vingine. Katika masomo alionyesha uwezo mkubwa tangu mwanzo. Alifuzu udaktari mwaka 1906, na mwaka 1908 akapata shahada ya sayansi pamoja na medali ya dhahabu ya Chuo Kikuu cha London.

Kuingia kwake katika elimu ya vijidudu nako kulikuja kwa njia isiyotarajiwa. Fleming alikuwa mlenga shabaha hodari wa bunduki, na klabu ya hospitali haikutaka kumpoteza baada ya kuhitimu. Mwanachama mmoja wa klabu hiyo alifanya kazi katika Idara ya Chanjo, akamshawishi Fleming ajiunge nayo. Alikubali, na hapo akaanza safari iliyodumu kwa takriban nusu karne katika taasisi moja.

Mwanafunzi wa Almroth Wright

Mkuu wa idara hiyo alikuwa Sir Almroth Wright, mtaalamu mashuhuri aliyeleta chanjo dhidi ya homa ya matumbo. Wright aliamini kwa dhati kwamba tiba ya kweli ya maradhi ya kuambukiza ni kuuimarisha mwili wenyewe ujikinge, na hakuwa na imani kubwa na dawa za kemikali. Idara yake ilijipatia sehemu ya fedha za kuendeshea shughuli zake kwa kutengeneza na kuuza chanjo. Mtazamo huo wa mkuu wake, na biashara hiyo ya chanjo, vilikuja kuwa na athari kubwa katika historia ya penisilini.

Hata hivyo Fleming hakuwa mfuasi wa kufumba macho. Mwanasayansi wa Ujerumani Paul Ehrlich alipotoa dawa ya salvarsan kwa ajili ya ugonjwa wa kaswende, Fleming alikuwa miongoni mwa madaktari wa kwanza nchini Uingereza kuitumia kwa wagonjwa. Dawa hiyo ilihitaji kuingizwa moja kwa moja katika mshipa wa damu, jambo ambalo madaktari wengi wa wakati huo hawakulizoea. Kwa mikono yake myepesi, Fleming alijijengea sifa na wateja wengi.

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, Wright na wasaidizi wake walipelekwa Boulogne, kaskazini mwa Ufaransa, ambako maabara yao iliwekwa katika jengo lililokuwa kasino. Huko Fleming, akiwa na cheo cha kapteni, aliwaona askari wengi wakifa si kwa risasi bali kwa vidonda vilivyooza. Desturi ya madaktari ilikuwa kuvimwagia vidonda dawa kali za kuua vijidudu. Fleming alijiuliza kama kweli dawa hizo zilisaidia.

Ili kupata jibu, alitengeneza mrija wa kioo wenye vichomozo vingi vilivyochongoka, mfano wa kidonda cha vita chenye mashimo na pembe. Aliujaza umajimaji wenye vijidudu, akaumwaga, kisha akautia dawa. Baada ya muda aliona kuwa vijidudu vilivyojificha katika pembe za ndani vilikuwa bado hai. Aidha, alionyesha kuwa dawa hizo ziliziua chembechembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili, kwa haraka kuliko zilivyoua vijidudu. Kwa vidonda vya kina, basi, dawa iliyokusudiwa kuokoa ilikuwa ikimdhoofisha majeruhi. Ushahidi huo ulikuwa thabiti, lakini madaktari wengi wa jeshi waliendelea na desturi yao hadi mwisho wa vita.

Kutokana na tajiriba hiyo, swali moja liliongoza kazi yake yote iliyofuata: je, yaweza kupatikana kitu kinachoua vijidudu bila kuudhuru mwili wa binadamu? Wakati wa vita hivyo, Desemba 1915, alimwoa muuguzi kutoka Ireland, Sarah McElroy. Mtoto wao wa pekee, Robert, alizaliwa mwaka 1924 na baadaye akawa daktari.

Machozi, kamasi na ute wa yai

Jibu la kwanza lilipatikana mwaka 1921. Fleming, akiwa na mafua, alichukua kamasi zake mwenyewe na kuziweka katika sahani iliyooteshwa vijidudu. Aliona kuwa vijidudu vya aina fulani vilivyokuwa karibu na kamasi viliyeyuka na kutoweka. Alifuatilia na kugundua kuwa kitu hicho hicho kilipatikana pia katika machozi, mate na kwa wingi zaidi katika ute wa yai. Kilikuwa kimeng'enya, nacho kikapewa jina la laisozaimu. Ili kupata machozi ya kutosha kwa majaribio, wafanyakazi wa maabara walikamuliwa maji ya limau machoni.

Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1922 na Chama cha Kifalme cha Sayansi cha Uingereza. Hayakupokelewa kwa shauku. Laisozaimu ilikuwa na nguvu dhidi ya vijidudu ambavyo kwa kawaida havimdhuru binadamu, lakini ilishindwa na vile vinavyosababisha maradhi makubwa. Tena Fleming hakuwa mzungumzaji mzuri. Alikuwa mtu mfupi wa kimo, mkimya, mwenye kusema kwa sauti ya chini na maneno machache, na hotuba zake za kisayansi mara nyingi ziliwaacha wasikilizaji bila hamasa. Pamoja na hayo, kazi ya laisozaimu ilimfundisha macho yake kutambua alama ya kitu kinachoyeyusha vijidudu katika sahani. Bila mazoezi hayo, huenda asingetambua alichokiona miaka saba baadaye.

Sahani iliyoota ukungu

Mwaka 1928 Fleming alipandishwa cheo na kuwa Profesa wa Elimu ya Bakteria katika Chuo Kikuu cha London. Wakati huo alikuwa akichunguza bakteria aina ya stafailokokasi, wanaosababisha majipu, usaha na sumu ya damu. Hakuwa mtu wa kusafisha meza yake kila siku. Sahani za zamani alizirundika kwa wiki kadhaa, kisha akazipitia moja moja kabla ya kuzitupa.

Mwanzoni mwa Septemba mwaka huo alirejea kutoka likizo na kuanza kuzikagua sahani zilizobaki. Katika mojawapo ulikuwa umeota ukungu, jambo la kawaida katika maabara yoyote. Kisichokuwa cha kawaida ni kwamba kuuzunguka ukungu huo kulikuwa na eneo ambamo bakteria walikuwa wamenyauka na kutoweka, ilhali mbali kidogo walistawi kama desturi. Fleming aliuotesha ukungu huo peke yake, na akagundua kuwa majimaji yake yaliweza kuzuia bakteria wa aina nyingi zilizo hatari, wakiwemo wale wa nimonia, kisonono na koo. Hayakuwa na athari kwa bakteria wa homa ya matumbo. Tarehe 7 Machi 1929 aliyapa majimaji hayo jina la penisilini, kutokana na jina la kuvu lenyewe, penisiliamu.

Katika makala aliyoichapisha mwaka huo wa 1929, alieleza kuwa penisilini haikumdhuru sungura wala panya, na haikuziua chembechembe nyeupe za damu. Hapo palikuwa na jibu la swali lake la Boulogne. Kwa nini basi ilipita zaidi ya miaka 10 kabla ya dawa hiyo kumfikia mgonjwa?

Sababu zilikuwa kadhaa. Wasaidizi wake wawili, Stuart Craddock na Frederick Ridley, walijaribu kuisafisha penisilini lakini waliishia na kitu kisichodumu, kilichopoteza nguvu kwa haraka. Katika idara hiyo hapakuwa na mkemia bingwa. Majaribio yalionyesha pia kuwa penisilini ilichukua saa kadhaa kuua bakteria, ilhali ikidungwa kwa sungura ilitoweka katika damu kwa muda wa nusu saa hivi. Fleming alihitimisha kuwa haingefaa sana kama dawa ya kudungwa. Hakufanya jaribio moja ambalo lingebadili kila kitu, yaani kumwambukiza panya bakteria hatari kisha kumtibu kwa penisilini.

Aidha, alikuwa tayari amepata matumizi mengine ya ugunduzi wake. Idara ilikuwa ikitengeneza chanjo kutokana na bakteria ambao wakati huo walidhaniwa na wengi kuwa ndio chanzo cha mafua makali, na bakteria hao ni wagumu kuwatenga. Kwa kuwa penisilini haikuwadhuru wao bali iliwaua majirani zao katika sahani, ilikuwa chombo bora cha kuwapata wakiwa peke yao. Kwa miaka mingi, dawa iliyokuja kuokoa maisha ya mamilioni ilitumika katika maabara ya St Mary's kama zana ya kutengenezea chanjo. Jambo moja lakini Fleming alilifanya kwa uaminifu: aliutunza ukungu wake usife, na kumpatia kila mtafiti aliyeuomba.

Oxford yachukua hatamu

Mwaka 1939, katika Chuo Kikuu cha Oxford, Profesa Howard Florey, mzaliwa wa Australia, na Ernst Chain, mkemia Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Wanazi, walianza kuichunguza penisilini kwa kina. Chain aliisoma makala ya Fleming alipokuwa akipitia maandishi ya zamani, na akakuta kuwa ukungu wenyewe ulikuwa tayari ukihifadhiwa katika jengo lao. Mwenzao Norman Heatley alibuni njia ya kuikamua na kuisafisha kwa kutumia vifaa vya kubahatisha, yakiwemo mabeseni na vyombo vya kuwekea wagonjwa kitandani.

Tarehe 25 Mei 1940 walifanya lile jaribio ambalo Fleming hakulifanya. Panya wanane waliambukizwa bakteria hatari, na wanne kati yao wakapewa penisilini. Kulipokucha, wanne wasiotibiwa walikuwa wamekufa wote, na waliotibiwa walikuwa hai. Februari 1941 dawa ilijaribiwa kwa askari polisi mmoja wa Oxford aliyekuwa taabani kwa maambukizi ya usoni yaliyosambaa mwilini. Alianza kupata nafuu ya ajabu. Lakini akiba ya dawa ilikuwa ndogo mno, hata watafiti wakalazimika kuikusanya tena kutoka katika mkojo wake. Ilipokwisha, maambukizi yalirudi kwa nguvu na mgonjwa akafariki mwezi uliofuata. Kifo hicho kilikuwa somo chungu: tiba inayokatizwa njiani humwachia adui nafasi ya kujipanga upya.

Mwaka huo huo Florey na Heatley walikwenda Marekani kutafuta msaada wa kuzalisha dawa kwa wingi, kwa kuwa viwanda vya Uingereza vilielemewa na vita. Kazi hiyo ilifanikiwa, na kufikia uvamizi wa Normandy Juni 1944 majeshi ya Washirika yalikuwa na akiba ya penisilini kwa ajili ya majeruhi wake.

Fleming naye alipata fursa ya kuishuhudia dawa hiyo ikifanya kazi. Agosti 1942 alimtibu mfahamu wa familia yake aliyekuwa akikaribia kufa kwa homa ya uti wa mgongo. Alimwomba Florey dawa, naye akampa akiba yote aliyokuwa nayo. Fleming aliidunga katika uti wa mgongo, njia ambayo hapo awali haikuwahi kutumiwa kwa penisilini kwa binadamu, na mgonjwa akapona. Habari zilienea. Gazeti la The Times liliandika kuhusu penisilini bila kumtaja mtu, ndipo Wright akapeleka barua akidai kuwa sifa zote ni za Fleming. Florey hakupenda waandishi wa habari na aliwafungia milango, Fleming aliwapokea. Kwa hiyo, hadithi ya ukungu ulioingia dirishani ilishika nafasi kubwa katika fikra za watu, na kazi ngumu ya kundi la Oxford ikafifia. Dosari hiyo ya kihistoria imesahihishwa kwa kiasi, lakini haijafutika kabisa. Ni kweli pia kwamba katika hotuba nyingi Fleming mwenyewe alikiri kuwa hakuibuni penisilini, kwamba maumbile ndiyo yaliyoitengeneza na yeye aliikuta tu.

Onyo la Stockholm

Mwaka 1943 Fleming alichaguliwa kuwa mwanachama wa Chama cha Kifalme cha Sayansi, na mwaka 1944 akapewa hadhi ya Sir. Mwaka 1945 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba pamoja na Florey na Chain. Katika mhadhara wake mjini Stockholm, tarehe 11 Desemba 1945, alisimulia historia ya ugunduzi kisha akageukia jambo zito.

Alieleza kuwa penisilini haina sumu kubwa, hivyo hatari yake haimo katika kuizidisha bali katika kuipunguza. Katika maabara, alisema, si vigumu kuwafanya vijidudu wawe sugu kwa kuwaweka katika dozi isiyotosha kuwaua, na jambo hilo hilo limewahi kutokea katika mwili wa mgonjwa. Alihofia siku ambapo dawa hiyo ingeuzwa dukani kwa kila atakaye. Akatoa mfano wa kubuni wa bwana mmoja mwenye maumivu ya koo. Anajinunulia penisilini na kumeza kiasi kidogo, kisichotosha kuwaua vijidudu bali kinachotosha kuwafundisha kuistahimili. Kisha anamwambukiza mkewe, ambaye anapata nimonia na kutibiwa kwa penisilini. Dawa inashindwa, na mke anakufa. Fleming aliuliza nani abebe lawama, na jibu lake lilikuwa kwamba ni yule mume, ambaye uzembe wake ulibadili tabia ya vijidudu.

Hofu yake haikuwa ndoto. Mwaka 1940, hata kabla ya mgonjwa wa kwanza kutibiwa, Chain na mwenzake Edward Abraham walikuwa wameripoti kuwa baadhi ya bakteria hutengeneza kimeng'enya kinachoivunja penisilini. Kisha katika hospitali moja ya London, mtaalamu wa bakteria Mary Barber alianza kuwapima stafailokokasi waliotoka kwa wagonjwa. Mwaka 1946, kiasi cha asilimia 14 ya sampuli zilikuwa sugu kwa penisilini. Mwaka 1947 kiwango kilifikia asilimia 38, na mwaka 1948 asilimia 59. Ilichukua miaka miwili tu.

Sayansi ya baadaye ilirekebisha sehemu ya maelezo ya Fleming. Mwaka 1952 Joshua Lederberg na mkewe Esther walionyesha nchini Marekani kuwa bakteria hawafundishwi na dawa kama mwanafunzi darasani. Bakteria wachache sugu hutokea kwa mabadiliko ya nasibu kabla hata ya kukutana na dawa. Dawa inapowaua wenzao, hao hubaki na uwanja wote wa kuzaana. Mwishoni mwa miaka ya 1950 watafiti wa Japani waligundua jambo la kutisha zaidi, kwamba bakteria mmoja anaweza kumpa mwingine usugu wake, hata wa jamii tofauti. Inashangaza pia kuwa bakteria wa koo aliowatolea mfano, streptokokasi wa kundi A, hadi leo bado wanauawa na penisilini. Waliogeuka sugu kwa kasi ni stafailokokasi, wale wale waliokuwa katika sahani yake ya mwaka 1928. Pamoja na marekebisho hayo, kiini cha onyo lake kimesimama imara: matumizi yasiyo na mpango ndiyo yanayowapa bakteria sugu nafasi.

Miaka ya mwisho

Uingereza ilichukua hatua mapema. Sheria ya Penisilini ya mwaka 1947 ilizuia dawa hiyo kuuzwa bila cheti cha daktari. Kwingineko hali ilikuwa tofauti, na kwa kipindi fulani penisilini iliuzwa ikiwa imechanganywa katika peremende za koo, mafuta ya kupaka na hata dawa ya meno.

Kuanzia mwaka 1946 Fleming aliongoza taasisi ya utafiti ya hospitali yake, iliyokuja kubeba jina lake na la mwalimu wake, Taasisi ya Wright-Fleming. Mwaka 1948 alipewa hadhi ya profesa mstaafu wa chuo kikuu, na mwaka 1951 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Edinburgh walimchagua kuwa Rekta wao. Alisafiri nchi nyingi na kupokewa kwa shangwe kama za mfalme. Mjini Madrid, wapiganaji wa ng'ombe, ambao wengi wao walikuwa wakifa kwa vidonda vya pembe vilivyooza, walimjengea sanamu nje ya uwanja wao.

Mkewe Sarah alifariki mwaka 1949. Mwaka 1953 alimwoa Amalia Koutsouri-Voureka, mtafiti wa vijidudu kutoka Ugiriki aliyefanya kazi katika maabara yake. Ndoa hiyo haikudumu muda mrefu, kwani tarehe 11 Machi 1955 Fleming alifariki ghafla kwa maradhi ya moyo nyumbani kwake London, akiwa na umri wa miaka 73. Majivu yake yalizikwa katika Kanisa Kuu la St Paul's, mahali wanapozikwa mashujaa wa taifa.

Urithi wake katika ukanda wetu

Baada ya kifo chake, kisa kilijirudia. Dawa ya methisilini ilitolewa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya stafailokokasi sugu kwa penisilini, na kufikia mwaka 1961 bakteria sugu kwa dawa hiyo mpya walikwishapatikana Uingereza. Utafiti uliochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2022 ulikadiria kuwa mwaka 2019 peke yake, zaidi ya watu milioni 1.2 duniani walikufa moja kwa moja kutokana na maambukizi ya bakteria sugu, na Afrika kusini mwa Sahara ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoathirika zaidi.

Mwaka 2015 Uingereza ilianzisha mfuko wa misaada uliopewa jina la Fleming, ambao umesaidia maabara za kupima usugu katika nchi kadhaa zikiwemo Kenya, Tanzania na Uganda. Umuhimu wa maabara hizo ni kwamba, bila kipimo, mhudumu wa afya hubaki kukisia ni dawa gani ingali ikifanya kazi. Kila mwaka, kuanzia tarehe 18 hadi 24 Novemba, Shirika la Afya Duniani huadhimisha wiki ya kuhamasisha umma kuhusu tatizo hilo.

Yule bwana wa mfano wa Fleming si mgeni katika miji na vijiji vya Afrika Mashariki. Ni mtu anayenunua vidonge viwili vitatu kwa kadiri ya fedha aliyonayo, au anayegawana na jirani dawa zilizobaki. Mara nyingi si uzembe unaomsukuma bali ufukara, na umbali wa zahanati. Fleming, aliyezungumza mbele ya wasomi wa Ulaya, hakuligusa hilo. Kwa hiyo wajibu wa kuilinda dawa hauwezi kuachwa kwa mgonjwa peke yake. Ni wa serikali zinazosimamia maduka ya dawa, wa wafugaji wanaowapa mifugo dawa, na wa hospitali zinazopaswa kuzuia maambukizi yasienee.

Penisilini yenyewe haijastaafu. Sindano ya penisilini ya benzathine bado ndiyo tegemeo katika kutibu kaswende na kuwakinga watoto wenye homa ya baridi yabisi wasiharibikiwe na moyo, maradhi yanayowasumbua vijana wengi katika ukanda huu. Karibu karne moja baada ya ile sahani ya Paddington, dawa hiyo ingali inaokoa maisha pale inapotolewa kwa maradhi yanayostahili, kwa dozi kamili na kwa uangalizi wa wataalamu.